Kuhariri filamu fupi kwa DaVinci Resolve ya bure: mwongozo kamili kwa mwenye laptopu ya kawaida

Malalamiko huwa ni yale yale. Picha inakwamakwama kila ukibonyeza kucheza. Sauti inaanza vizuri, ikifika dakika ya saba imeachana na midomo. Jana klipu zote zilikuwepo, leo zimegeuka nyekundu na kuandikwa "Media Offline". Au filamu imetoka, lakini jina la programu limekatiza uso wa mhusika mkuu.

Wengi wakifika hapo huilaumu programu. Kumbe karibu matatizo yote hayo huzaliwa kabla ya mkato wa kwanza: kwenye simu au kamera, kwenye diski, na kwenye mipangilio ambayo mtu aliiruka kwa pupa ya kuanza kukata. Ndiyo maana maneno mengi hapa yako kwenye maandalizi. Fuata mpangilio ulivyo. Hatua ya 1 na ya 4 ukiziruka, kuzirekebisha baadaye ni kazi pevu.

Majina ya vitufe nimeyaacha yanavyosomeka kwenye skrini, maana programu yenyewe haina Kiswahili.

## Kwa nini hii na si nyingine

Toleo la bure la DaVinci Resolve halina muda wa majaribio. Linatoa filamu hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde, na ukikaa ndani ya mipaka yake haliweki alama yoyote kwenye kazi yako. Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295 za Marekani, unalipa mara moja basi. Premiere Pro ni ya kukodi: malipo yakikatika, mradi wako umefungiwa ndani. Final Cut Pro inakwenda kwenye vifaa vya Apple tu. Nakala zilizovunjwa za mitaani sizishauri kwa mtu anayetaka kuuza filamu yake, na mara nyingi huja na virusi vyake.

Laptopu yako ikiwa na RAM ya GB 8 na haina kadi ya picha inayojitegemea, usijitese na Resolve. Chukua Kdenlive: ni bure, ni chanzo huria, na inajua kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu. Hatua ya 1 hadi ya 3 bado zinakuhusu kama zilivyo, na za mbele utazifuata kwa vitufe vya jina jingine.

## Vitu vya kuwa navyo

- Laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 16 na kadi ya picha yenye kumbukumbu yake angalau GB 4, au Mac ya M1 kwenda mbele. Kwenye Linux toleo la bure halisomi H.264 wala H.265 (namna za kubana video), yaani halisomi karibu kila kitu kinachotoka kwenye simu.
- SSD ya nje ya kuweka picha na sauti unazofanyia kazi.
- Diski ya pili ya nakala ya akiba. Hii inaweza kuwa ya zamani na ya polepole.
- Spika za masikioni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, nawe utahangaika kurekebisha kosa ambalo halipo.
- MediaInfo ya kusoma taarifa za faili, HandBrake na Shutter Encoder za kubadilisha umbo la video. Zote ni bure.
- Intaneti isiyo ya bando dogo. Faili la kusakinisha linazidi GB 2. Lipakue kwenye tovuti ya Blackmagic Design tu. Watakuomba ujaze fomu ya jina na barua pepe, pesa hawaombi.

## Hatua ya 1: Rekodi ukiwaza meza ya kuhariri

Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata 1/50. Sababu ni umeme. Afrika Mashariki umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye fremu 30 na hupenda shata ya 1/60, na hapo ndipo michirizi inayotembea ukutani inapotokea. Michirizi hiyo ukiirekodi, toleo la bure halina dawa yake.

Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya kamera, sehemu ya "Record Video", uwashe "Show PAL Formats". Bila hivyo fremu 25 hutaziona kabisa.

Tatizo la pili la simu ni kwamba idadi ya fremu haitulii. Mwanga ukipungua, simu inapunguza fremu kimyakimya. Kinasa sauti chako kinakwenda na saa, simu inakwenda na hali ya hewa, na ndiyo maana sauti inaachana na midomo. Programu ya Blackmagic Camera, ya bure kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android, hukuruhusu kufunga fremu, shata na mwanga visibadilike. Itumie kama simu yako inakubali.

Utajua umefaulu: ukifungua klipu kwenye MediaInfo, "Frame rate mode" inasema "Constant" na fremu ni 25.000.

## Hatua ya 2: Panga diski kabla ya kufungua programu

Angalia kwanza SSD yako imepangwa kwa mfumo gani. Ikiwa FAT32, haiwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4, na filamu yako itakatika katikati ya kutolewa bila maelezo ya maana. Ipange kwa exFAT, ambayo Windows na Mac zote huisoma. Onyo: kupanga upya kunafuta kila kitu kilichomo.

Kisha tengeneza folda moja ya filamu, na ndani yake: 01_PICHA, 02_SAUTI, 03_MUZIKI, 04_PROKSI, 05_MRADI, 06_KUTOA. Nambari zinazuia folda zisijipange kwa alfabeti.

Nakili kadi nzima ya kamera, usichague klipu. Nakili pia kwenye diski ya akiba. Kadi usiifute mpaka nakala mbili ziwepo na umezifungua zote mbili ukaona zinacheza.

Ukishaingiza klipu kwenye mradi, usibadilishe jina la faili wala kulihamisha. Resolve haihifadhi picha zako. Inakumbuka tu zilipo. Kwenye Windows kuna mtego wa ziada: leo SSD ni herufi E, kesho umechomeka flashi kwanza, SSD imekuwa F, na kila kitu kimekuwa chekundu. Ingia kwenye "Disk Management", uipe SSD herufi ya mbali kama R, itabaki nayo. Yakishakukuta, chagua klipu zote, bofya kulia, "Relink Selected Clips", uoneshe folda. Hakuna kilichopotea.

## Hatua ya 3: Rekebisha mafaili korofi

Fungua klipu chache za kila kamera kwenye MediaInfo. Unatafuta mambo mawili.

"Variable" kwenye "Frame rate mode". Pitisha klipu hizo HandBrake. Kwenye sehemu ya "Video" chagua fremu ulizokusudia kurekodi, weka "Constant Framerate", na ubora RF 16 hadi 18. Nambari ikishuka, ubora unapanda na faili linakua. Klipu ya fremu 30 usiilazimishe kuwa 25 hapa. Iache 30 iliyotulia, Resolve itaishughulikia, ingawa mwendo wake hautakuwa laini kabisa.

Biti 10 na 4:2:2, namna ya kurekodi inayohifadhi rangi nyingi zaidi. Kamera nyingi mpya za Sony na Canon hurekodi hivi. Kwenye Windows, toleo la bure litakupa sauti peke yake, picha nyeusi. Klipu haijaharibika. Ipeleke Shutter Encoder, chagua DNxHR (umbo la video lililo rahisi kuhariri), aina ya HQX.

Kuwa macho na nafasi: DNxHR HQX kwa 1080 na fremu 25 inakula takriban GB 1.4 kwa dakika, na kwa 4K ni kama mara nne yake. Kwa hiyo tazama picha zote kwanza kwa VLC, chagua unazozitaka, ubadilishe hizo tu.

## Hatua ya 4: Weka mipangilio kabla ya kuingiza klipu hata moja

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu dirisha la kwanza linakualika uburute klipu mara moja. Usikubali.

Bonyeza "New Project", upe jina, kisha Shift na 9 pamoja. Kwenye "Master Settings" weka "Timeline resolution" 1920 x 1080 na "Timeline frame rate" 25. Kiwanda kimeweka 24. Ukishaingiza klipu ya kwanza, nambari ya fremu ya mradi inajifunga. Kisanduku kikitokea kukuuliza kama ubadilishe mradi ufuate klipu, soma kabla ya kubofya. Ukiwa umeweka 25 makusudi, jibu ni "Don't Change".

Kwa nini 1080 wakati umerekodi 4K? Kwa sababu laptopu itapumua, na utaweza kuisogelea picha karibu mara mbili bila kupoteza ukali. Mhusika mmoja uliyemrekodi kwa mbali anaweza kukupa na picha ya karibu.

Bado uko hapo hapo, shuka hadi "Working Folders". Elekeza njia ya proksi na ya "cache" (mafaili ya muda ya programu) kwenye SSD, folda ya 04_PROKSI. Ukiacha zilivyo, zitajaza diski C, na Windows yenyewe itaanza kugoma.

Sasa jikinge na umeme kukatika. Fungua "Preferences", kichupo cha "User", kisha "Project Save and Load". Hakikisha "Live Save" na "Project backups" zimewashwa, nakala kila dakika 10.

Jambo ambalo wageni hawalijui: mradi wa Resolve si faili utakaloliona kwenye folda. Umo ndani ya hifadhi ya programu, na Windows ikisakinishwa upya unakwenda nayo. Kila jioni chagua "File", "Export Project", uhifadhi faili la .drp kwenye 05_MRADI na kwenye diski ya akiba. Ni dogo, kwa sababu halibebi picha. Linabeba maamuzi yako yote.

## Hatua ya 5: Tengeneza proksi

Proksi ni nakala nyepesi ya klipu. Unakata kwa nakala, programu inatoa filamu kwa picha asili. Ukiwa na laptopu ya kawaida, hatua hii ndiyo inayofanya kazi iwezekane.

Kwenye "Master Settings" tafuta "Optimized Media and Render Cache". Weka proksi kuwa "Half" kwa picha za 1080 na "Quarter" kwa za 4K, umbo DNxHR LB. Chagua klipu zote kwenye "Media Pool", bofya kulia, "Generate Proxy Media". Iache usiku kucha ikiwa nyingi, laptopu ikiwa kwenye chaja na usingizi wake umezimwa.

Ikiisha, nenda "Playback", "Proxy Handling", "Prefer Proxies".

Kwa nini usikate H.264 moja kwa moja? Faili la H.264 halihifadhi kila fremu nzima. Nyingi zimeandikwa kwa kurejelea jirani zake. Ili kukuonesha moja, laptopu inalazimika kuzikokotoa kadhaa. DNxHR kila fremu inajitegemea. Faili ni nene zaidi lakini halichoshi kichwa cha mashine.

Utajua umefaulu: nambari ya fremu juu ya dirisha la picha inabaki 25 ukicheza, na kitone chake ni kijani. Kikiwa chekundu bado, jaribu "Timeline Proxy Resolution" kuwa "Half", na kwenye "Preferences", "Memory and GPU", uangalie kama programu inatumia kadi ya picha kubwa au ile ndogo ya ndani.

## Hatua ya 6: Linganisha sauti, kisha kata

Kama ulirekodi sauti pembeni, chagua klipu za picha na za sauti pamoja, bofya kulia, "Auto Sync Audio", kwa kufuata "Waveform". Itafaulu tu kama simu au kamera nayo ilirekodi sauti, hata iwe mbaya. Isipofaulu, tafuta kofi lililopigwa mwanzo wa tukio. Hukupiga kofi? Safari ijayo piga.

Kukata kwenyewe sitakufundisha hapa. Hiyo ni kazi ya jicho. Vitufe vichache vitakuokolea saa: J, K na L kurudi, kusimama na kwenda, I na O kuweka mwanzo na mwisho, F9 kupenyeza, F10 kufunika. "Backspace" inafuta na kuacha pengo, "Delete" inafuta na kuziba pengo. Ukivichanganya hivyo viwili, nusu ya filamu inaweza kusogea bila wewe kujua.

Kabla ya kila badiliko kubwa, bofya kulia kwenye taimulaini (mstari wa muda unapopangia klipu) ndani ya "Media Pool", "Duplicate Timeline", uipe tarehe. Mwigizaji au mfadhili akikuambia toleo la wiki iliyopita lilikuwa bora, utakuwa nalo.

## Hatua ya 7: Rangi, hasa ya ngozi nyeusi

Maliza kukata kwanza. Zima proksi kwa "Disable All Proxies" ili uone picha halisi, kisha ingia ukurasa wa "Color" na uwashe vipimo: "Workspace", "Video Scopes". Skrini ya laptopu hudanganya, vipimo havidanganyi.

Tengeneza nodi (vituo vya marekebisho) tatu kwa Alt na S: ya kwanza kusawazisha weupe, ya pili mwanga, ya tatu ladha ya filamu. Zikitengana, ukikosea ladha hutaharibu mwanga. Ukirekodi kwa "Log" (picha iliyofifishwa makusudi ili irekebishwe baadaye), anza na "Color Space Transform", imo kwenye toleo la bure.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanasema uso ukae karibu asilimia 70 ya kipimo cha "Waveform". Kanuni hiyo ilitokana na nyuso nyeupe. Ukiifuata kwa mwigizaji mweusi utamtia kijivu, utaunguza kuta nyuma yake, na yeye mwenyewe hatajitambua. Ngozi nyeusi mara nyingi hukaa vizuri kati ya theluthi na nusu ya kipimo. Kinachoipa uhai ni mng'ao wa paji la uso na mfupa wa shavu, kwa hiyo linda mng'ao huo usikatwe juu. Pandisha "Gamma" (mwanga wa kati) kidogo, na "Lift" (sehemu za giza) usiiguse kwa kupandisha. Ndiyo inayoleta kile kijivu cha majivu.

Kwa rangi yenyewe, washa "Show Skin Tone Indicator" kwenye "Vectorscope". Ngozi nyeusi na nyeupe zote huelekea mstari ule ule, kwa sababu mstari unaonesha aina ya rangi, si kiasi cha mwanga. Uso ukielekea upande wa kijani, ni taa za dukani. Urekebishe kwenye nodi ya kwanza.

Onyo la alama: kuondoa chembechembe za picha na zana kadhaa za akili mnemba ni za Studio. Ukizigusa, kisanduku kinatokea kukuambia, na jina la programu linatandazwa juu ya picha. Bonyeza Ctrl na Z papo hapo. Ukikutana na alama mwisho wa kazi, pitia nodi na madoido moja moja ukizima mpaka itoke.

## Hatua ya 8: Sauti

Mtazamaji atavumilia picha yenye giza. Mazungumzo asiyoyasikia hatayavumilia. Kwenye "Fairlight", ukurasa wa sauti, vilele vya mazungumzo vifike kati ya -12 na -6 dB, muziki ukae chini yake. Sauti ya friji au jenereta ipunguze kwa "Noise Reduction" au "De-Hummer", zote ni za bure, lakini kidogo tu. Ukizidisha mtu ataongea kama yuko ndani ya mtungi. Mapengo yazibe kwa sauti ya chumba kitupu uliyoirekodi siku ile. Kama hukurekodi, iibe kwenye sekunde za kimya kati ya sentensi.

Angalia kipimo cha "Integrated". Kwa YouTube lenga karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani). Vituo vinavyofuata kanuni ya Ulaya ya R128 vinataka -23. Kituo au tamasha likikupa karatasi ya masharti, hiyo ndiyo sheria.

## Hatua ya 9: Maandishi ya tafsiri

Mkondo ("track") wa maandishi umo kwenye toleo la bure: bofya kulia kwenye vichwa vya mikondo ya taimulaini, "Add Subtitle Track". Kugeuza maneno kuwa maandishi kwa mashine ni kwa Studio, kwa hiyo utaandika mwenyewe au utaingiza faili la .srt. Mistari miwili, si zaidi. Na tafuta mtu ambaye hakuandika skripti asome; mwandishi hulijua neno hata lisipokuwepo.

## Hatua ya 10: Toa filamu mara tatu

Kwenye "Deliver", toa kwanza faili mama: QuickTime, DNxHR HQ. Dakika 10 zitakula karibu GB 14. Hili ndilo litakalozaa mengine yote.

La pili ni la mtandaoni: MP4, H.264, 1920 x 1080, fremu 25, kasi ya Kb/s 16000 hadi 20000. Dakika 10 zitakuwa chini kidogo au zaidi kidogo ya GB 1.3. Kwenye "Subtitle Settings" chagua "Burn into video", au "As a separate file" kama tamasha linataka .srt pembeni.

La tatu ni dogo la kuwatumia wenzako: 1280 x 720, Kb/s 2500. Dakika 10 zitakuwa kama MB 200.

Kabla ya kubonyeza "Render All", fungua "Advanced Settings" uhakikishe "Use proxy media" haina alama ya vema. Ikiwa nayo, filamu itatoka na ukungu wa proksi, nawe utadhani kamera ndiyo mbovu.

Ukumbi wa sinema ukitaka DCP (umbo la filamu la projekta za sinema), faili mama lipeleke kwenye DCP-o-matic, nayo ni bure.

Sasa tazama faili lililotoka, si taimulaini, mwanzo hadi mwisho: mara moja kwa spika za masikioni, mara moja kwenye simu ya bei ya chini ikiwa na sauti yake yenyewe. Likipita, rudi kwenye "Project Manager", bofya kulia mradi, "Export Project Archive", uitupe kwenye diski ya akiba. Folda hiyo ya .dra, tofauti na .drp, inabeba na picha zote, hivyo hesabu nafasi kabla ya kuanza.